Kusamehe na kupatana



Mama mmoja aliniuliza mbele ya mlango wa kanisa: «Pasta, nimemsamehe aliyechukua shamba letu. Lakini nikimwona sokoni, ninapita njia ingine. Mungu atasema sikusamehe?»

Kusamehe, mtu anaweza peke yake, usiku, akiwa amepiga magoti, hata kama mkosaji amekwisha kufa ao amekimbilia mbali. Kupatana, hapana. Neno lenyewe linakataa: ile «-na» ya mwisho ni ile ya kupendana, ya kusaidiana, hata ya kupigana. Inataka wawili.

Mtazameni Yosefu. Ndugu zake walimuuza kwa vipande 20 vya feza. Kule Misri, mtoto wake wa kwanza alimwita Manase, kwa sababu Mungu alimsahaulisha taabu yake (Mwanzo 41:51). Wakati ule ndugu zake walikuwa bado Kanaani, hawajaomba kitu. Basi wewe unayesema «nitasamehe siku atakapokuja kuniomba», Manase alizaliwa kabla.

Lakini walipokuja kununua chakula, Yosefu hakuwakumbatia. Alijificha. Alimfunga Simeoni, akataka Benyamini aletwe, akaweka kikombe katika gunia lake. Wengine wanasema ni kisasi. Mimi sikubali, kwa maana alikuwa akijitenga ili alie. Alitaka kujua: watu hawa watamwacha ndugu mwingine tena? Ni Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumuuza, aliyesimama akaomba awe mtumwa yeye, kijana arudi kwa baba yake. Hapo ndipo Yosefu alijitambulisha.

Basi, mama, umesamehe. Anayekawia si wewe. Na wewe unayelima shamba la mwenzako tangu vita ya 1999, ao tangu watu walipokimbia tena mwisho wa 2017, usije kuomba «tupatane» huku ungali unavuna mihogo yake. Zakayo alirudisha mara nne.

Tena kupatana hakuishi siku moja. Yakobo aliishi Misri miaka 17 pamoja na wanawe wote, lakini nyuma ya kifo chake wale ndugu waliogopa upya kwamba Yosefu atawalipiza. Yosefu aliposikia maneno yao, alilia. Someni nyumbani Mwanzo 50:15-21.