Kapu la Malimbuko na Majina ya Wazee

Hotuba ya Siku ya Familia, katika juma la Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26 imeandikwa jinsi Mwisraeli alivyopaswa kutoa malimbuko ya shamba lake. Hakutazamiwa kulitua kapu na kwenda zake. Kuhani akiisha kulipokea na kuliweka mbele ya madhabahu, mwenye kapu alisimama akasimulia habari za baba yake wa kale: mtu wa kutangatanga, aliyeshuka Misri na jamaa chache, wazao wake wakaongezeka, wakateswa, wakamlilia Mungu, wakatolewa. Ndipo aliposujudu, na baada ya kusujudu akafurahi pamoja na nyumba yake, na Mlawi, na mgeni aliyekaa kwake. Shukrani, nasaba na karamu vilikwenda pamoja. Tena nasaba hiyo haikupambwa. Ilianza na mtu asiye na makao.

Kwa jamaa za Kikristo za Kilimanjaro, karamu haijapata kupungua. Mtoto akizaliwa, mama hupikiwa mtori. Akibatizwa, majirani hualikwa. Akipata kipaimara, ndugu hupanda mlima kutoka Dar es Salaam, Arusha na Tanga. Akifikia kuoa, vikao vya kamati huanza miezi mingi kabla, na siku yenyewe ndafu huletwa mbele ya maharusi akiwa mzima, majani mdomoni. Mavuno nayo huletwa kanisani, na baada ya ibada mkungu wa ndizi hupigwa mnada ukanunuliwa kwa bei ambayo sokoni ingewachekesha watu. Haya yote ni mema. Lakini ni karamu ngapi ambamo nasaba husimuliwa? Aghalabu mshereheshaji husoma majina ya waliotoa michango. Majina ya waliotangulia husubiri msiba.

Wako vijana wawili, mume na mke, waliofunga ndoa katika kanisa hili. Majina yao hayatatajwa, ingawa wameridhia habari yao isimuliwe. Mume ni mzaliwa wa usharika. Mke ni binti wa Upare. Wanafanya kazi Dar es Salaam, na kila Desemba hupanda kuja nyumbani kama wapandavyo wenzao wote. Kwa miaka kadhaa hawakupata mtoto, na anayeujua ukoo wa Kichagga anajua pia maswali waliyoulizwa, na zaidi yale aliyoulizwa mke. Hatimaye wakapewa binti. Wakakusudia abatizwe hapa wakati wa Krismasi, kisha jamaa ikutane nyumbani kwa sala na karamu ya shukrani.

Kwa desturi, binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, na jambo hilo halikuwa na mjadala. Wazazi wakaongeza jina lenye neno aika, yaani asante, kwa namna ya majina ya Kikristo ya mlimani ambayo Wakristo wa mwanzo walipenda kuwapa watoto wao. Mjadala ulitokana na swali la mama wa mtoto. Yeye, kwa kuwa ni mgeni, aliuliza yale ambayo mwenyeji huona haya kuyauliza au huyadhania kuwa anayajua. Alitaka kuandika nasaba ya mtoto pande zote mbili, isomwe siku ya karamu. Upande wa Upare uliandikwa kwa simu moja ya jioni, maana baba yake ni mtu wa kutunza kumbukumbu. Upande wa mlimani ulikwama kwa baba wa babu.

Basi wakaja ofisini kwa usharika, wakaomba vitabu vya ubatizo. Yafaa vijana wajue hazina iliyomo katika makabati haya. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na popote walipoanzisha kazi walifungua vitabu vya orodha. Mwaka 1920, wamisionari Wajerumani walipoondolewa nchini baada ya vita, walimu na wazee wenyeji walilishika kanisa, na wao pia waliendelea kuandika. Wako watu wa mlimani ambao jina lao liliwekwa katika karatasi kwa mara ya kwanza siku walipobatizwa.

Walimkuta huyo baba wa babu miongoni mwa waliobatizwa watu wazima katika miaka ya 1920. Jina la kwanza, jina jipya, jina la baba, mtaa, umri wa kukadiria. Na katika safu ya mwisho, kwa mwandiko mdogo wenye adabu, ilikuwa imeandikwa ya kwamba amebaki na mke mmoja, na mke wa pili amerudi kwao na watoto 2.

Katika jamaa hiyo ilifahamika siku zote kwamba mzee yule alikuwa Mkristo hodari mwenye mke mmoja. Picha yake iko sebuleni. Hakuna aliyesema uongo. Ila sentensi moja ilikuwa imeachwa nje.

Wakamwendea shangazi wa baba, ajuza aliyepita miaka 90, binti wa yule mke aliyebaki. Alinyamaza kitambo, kisha akasema aliyoyasikia kwa mama yake. Yule mke mdogo hakulia wala hakugombana. Alifunga mzigo wake, akamshika binti mkono, akambeba mvulana mgongoni, akaondoka asubuhi kuelekea kwa kaka zake, ng'ambo ya mto. Moto aliuacha unawaka. “Mama ndiye aliyeuzima,” alisema ajuza. “Mpaka anakufa, hakupenda kuuzungumza moto ule.”

Hapa hapana budi kanisa nalo lijitazame. Walioagiza hivyo hawakuwa watu wabaya. Katika misheni nyingi za wakati ule, mume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka amebaki na mmoja, na sharti hilo lililinda jambo jema, yaani ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Kwa upande wa Waanglikana, mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth ulikataza mwaka 1888 wenye wake wengi wasibatizwe. Mwaka 1988, miaka 100 kamili baadaye, mkutano uo huo ulikubali wapokelewe pamoja na wake na watoto wao, kwa ahadi ya kutooa tena, na bila kulazimishwa kuwaacha wake waliokuwa nao. Maaskofu wale walihitaji karne nzima kumwona mwanamke aliyeachwa mlangoni na mzigo. Biblia ilikuwa imemwona zamani. Hajiri alipofukuzwa na mwanawe nyikani, Mungu alimsikia kijana na kuwaonyesha maji, wala habari zao hazikufutwa ili Ibrahimu aonekane vizuri zaidi. Naye Mathayo, katika sura yake ya kwanza ambayo wasomaji wengi huiruka, amewaweka Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria katika ukoo wa Bwana, hali angeweza kuandika majina ya wanaume peke yake kama ilivyozoeleka.

Vijana waliporudi nyumbani na karatasi yao, shangwe ilipoa. Mama wa mtoto alitaka jina la yule mwanamke lisomwe na wazao wake waalikwe. Baba mkubwa, kiongozi wa ukoo, aliuliza swali ambalo mtu asidhani ni la ukatili: “Mnaita wageni wa karamu, au mnaita shauri la kihamba?”

Kwa wageni wasio wa huku: kihamba ni shamba la nyumbani, lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, nalo hurithiwa na wana wa kiume. Kihamba cha mzee yule kilikwisha kugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata sasa baadhi ya sehemu zinavukwa kwa hatua chache. Mvulana aliyeondoka mgongoni alikuwa mwana kama wenziwe. Kumtaja mama yake mbele ya watu ni kukiri hivyo. Ndiyo sababu kimya kile kilidumu muda mrefu. Mwanzoni pengine kilikuwa haya, lakini kwa miaka mingi kimelindwa na hofu ya mipaka.

Mume alikuwa katikati, baina ya mkewe na baba yake mkubwa, na kwa siku kadhaa alipendelea mambo yaahirishwe. Mkewe hakupaza sauti. Alimwuliza tu kama sala ya shukrani inaweza kusemwa mbele ya Mungu kwa ajili ya mtoto aliyesubiriwa miaka mingi, huku watoto wawili wa nyumba hiyo hiyo wakiendelea kuhesabiwa kuwa hawakuzaliwa. Mume akaenda kwa baba mkubwa, akakaa naye mpaka usiku.

Karamu zimekuwa mahali pa kupatana tangu zamani. Martin Luther alipofanya karamu ya ndoa yake na Katharina von Bora huko Wittenberg, tarehe 27 Juni 1525, wazazi wake Hans na Margarethe walikuwapo. Na huyu Hans ndiye aliyemkasirikia mwanawe vikali alipoingia utawani mwaka 1505. Ilichukua miaka 20 na meza ya arusi.

Baba mkubwa aliamua mwenyewe, na aliamua kwa namna ya wazee. Alisema si kazi ya vijana kwenda kuomba amani kwa niaba ya ukoo. Akakata jani la isale, lile ambalo Wachagga tangu kale hulipeleka kwa waliyemkosea, akamchukua mzee mmoja wa kanisa na mbuzi mmoja, akavuka mto.

Waliowakuta huko walikuwa Wakristo, washarika wa usharika jirani, na mjukuu wa yule mwanamke ni mzee wa kanisa. Yeye mwenyewe, bibi yao, alibatizwa uzeeni. Mjukuu alilipokea isale, maana si rahisi mtu kulikataa, kisha akasema: “Sisi tunawajua siku zote. Kwenye mazishi ya babu yenu tulikuja. Tulisimama nyuma, karibu na migomba.” Baba mkubwa hakuwa na la kujibu, na hakulitafuta.

Siku ya karamu walikuja watu 11 kutoka ng'ambo ya mto, wakaletewa viti mbele. Mama wa mtoto alisoma nasaba. Alianza na Upare, akaja mlimani, na alipofika kwa baba wa babu akasoma wake wawili kwa majina yao, na watoto wa kila mmoja kwa majina yao. Hapakuwa na makofi. Ajuza aliomba jina la mke mdogo lirudiwe, kwa kuwa hakulisikia vizuri. Likarudiwa. Kisha ikafuata sala, na chakula kikaliwa kama kawaida ya huku, yaani mpaka jioni.

Isidhaniwe ya kwamba mambo yote yalikwisha hapo. Kijana mmoja wa upande ule aliuliza mbele ya wazee, kwa heshima, kama jina pasipo udongo linatosha. Wengine waliguna, lakini swali lilikuwa halali. Hakujibiwa siku ile. Kikao cha ukoo kimekaa mara mbili tangu hapo, na shauri halijaisha. Lililokubaliwa mpaka sasa ni kwamba yeyote wa uzao ule anayetaka kulizuru kaburi la mzee ataingia kwa mlango wa mbele, na kwamba hakuna sehemu ya kihamba itakayouzwa kwa mtu wa nje kabla hawajaambiwa.

Katika siku hizo vijana waliuliza pia kama maneno ya ile safu ya mwisho yanaweza kusahihishwa. Baraza la wazee lilijibu kwamba kitabu cha ubatizo hakifutwi, wala hakiongezewi maneno na watu wasiokuwapo. Kilichoandikwa kilitendeka, na bila safu ile hakuna ambaye angejua.

Lakini asubuhi ya siku ya karamu, katika ibada, mtoto alikuwa amebatizwa, na miongoni mwa wadhamini waliosimama naye kwenye beseni alikuwapo binti wa yule mzee wa kanisa wa ng'ambo ya mto. Baada ya ibada katibu alifungua kitabu kinachotumika sasa, akaandika jina la mtoto, majina ya wazazi, na majina ya wadhamini. Ajuza alikuwa ameletwa ofisini akishikwa mkono. Macho yake hayasomi tena. Aliomba aonyeshwe ulipo mstari wa yule binti, na katibu akakichukua kidole chake, akakiweka juu ya jina, wino ukiwa bado haujakauka.