Mzazi, Sikiliza Kwanza

Kuanzia mwalo wa Kirumba hadi Igombe na Ukerewe, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo wazazi wengi wa mwaloni hulala mchana, kijana akabaki na simu. Akinuna au kujifungia chumbani, usikimbilie fimbo. Sehemu ya ubongo wake inayopima hatari huendelea kukomaa hadi baada ya umri wa miaka 20. Anahitaji mipaka iliyo wazi na mtu wa kumsikia. Hata mkianika dagaa, muulize hali yake, kisha nyamaza umsikilize. Usingizi, hamu ya kula na masomo vikiharibika kwa wiki 2, mpeleke kituo cha afya. Kwa ushauri, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.