Jasho la Mama Lisipotee

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Leo hatukuja kusema habari za ada wala za uchaguzi. Tumekuja kusema jambo ambalo kila mmoja wetu amepata kuliona mtaani kwake, nasi twalinyamazia kwa kuona haya.

Mwanamume na mwanamke huanza kuishi kinyumba. Hapana kadhi, hapana padri, hapana cheti. Mama aamka alfajiri kukaanga vitumbua, baba apiga tofali. Miaka kumi ikipita kiwanja kimepatikana, nyumba imeezekwa, watoto wanasoma. Kisha siku moja baba asema: "Mimi sikukuoa. Chukua nguo zako, nenda kwenu." Na hati ya kiwanja ina jina lake peke yake.

Twauliza, ndugu zetu: tulikataa kunyonywa na wageni ili tuje tunyonyane chumbani?

Sheria haikubali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, yasema katika kifungu cha 160 kwamba mwanamume na mwanamke wakiisha kukaa pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana. Anayekana ndiye alete ushahidi. Kusema "sikutoa mahari" peke yake hakutoshi. Na hata akithibitisha kuwa hapakuwa na ndoa, mama bado aweza kuomba korti matunzo yake na ya watoto.

Wako wasemao: "Huyu alikaa jikoni tu, amechuma nini?" Hao walijibiwa mwaka 1983. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali.

Lakini tusidanganyane. Mali haigawanywi nusu kwa nusu kila mara; korti hupima mchango wa kila mmoja. Tena aliyeishi na mwanamume mwenye ndoa ya mke mmoja isiyovunjwa, kifungu hicho hakimfanyi kuwa mke.

Kwa hiyo twawashauri haya. Walio kinyumba waandikishe ndoa. Hati ya kiwanja iwe na majina mawili, maana hapo sheria huanza kwa kuwahesabu wenye mali sawa kwa sawa. Risiti za mabati na saruji msizitupe. Wakumbukeni majirani, kwani hao ndio mashahidi wenu.

Nanyi akina baba, msingoje korti iwafundishe haki. Aliyebeba maji ya kujengea nyumba asilale nje ya nyumba hiyo.