MGUU MMOJA KWENYE PEDALI, MGUU MMOJA CHINI

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay, juu ya kujifunza baiskeli ukiwa mtu mzima. Tumeyaandika ili yasomwe kwa sauti katika mikutano ya vikundi.)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbegu wala mikopo. Tumekuja kuzungumza juu ya baiskeli, ndiga kama tunavyoiita kwa Kijaluo. Tunawaona wengine mmeanza kucheka. Mnasema, baiskeli ni ya watoto wa shule na vijana, sisi wenye wajukuu inatuhusu nini? Hebu tusikilizane kwanza.

Kwa nini tunaleta jambo hili

Tunapotembelea vikundi, kutoka Ndhiwa hadi Muhuru Bay, kuna jambo moja ambalo tumeliona zaidi ya mara moja. Kikundi cha akina mama kinachanga pesa kidogo kidogo, kinanunua baiskeli ya kubeba mahindi kwenda posho mill, au omena kwenda sokoni. Ni jambo jema. Lakini kati ya wanachama wote hakuna hata mmoja anayejua kuiendesha. Basi anatafutwa kijana. Kila safari kijana analipwa. Siku akiwa na shughuli yake, mahindi yanangoja. Akienda Nairobi kutafuta kazi, baiskeli inaegemezwa ukutani ndani ya stoo, magurudumu yanaisha upepo, na kuku wanalala kwenye keria.

Sasa tuulizane: hiyo baiskeli ni ya nani? Kwenye daftari la kikundi ni ya akina mama. Lakini anayeamua itoke lini na iende wapi ni yule anayejua kuipanda. Mali usiyoweza kuitumia mwenyewe utaiomba kwa mwingine, hata kama risiti iko mkononi mwako.

Wengine watasema siku hizi kuna pikipiki. Ni kweli, zimejaa kila mahali. Lakini pikipiki inataka petroli kila siku, na nauli inatoka kwenye faida ile ile ndogo ya omena. Baiskeli inataka upepo, mafuta kidogo kwenye nyororo, na miguu yako. Kilomita kumi kwa miguu ni kama saa mbili. Kwa baiskeli, kwenye njia nzuri, haifiki saa moja. Mama mwenye kwenda kliniki, mhudumu wa afya wa kijiji mwenye nyumba nyingi za kutembelea, mtu wa soko, wote hawa wanajua saa moja ni kitu gani.

Mguu wa chini una kazi

Watu wazima wengi hushindwa kujifunza kwa sababu moja. Wanataka kuanza mwisho. Wanaketi juu ya kiti, miguu yote miwili kwenye pedali, mtu anawashika kwa nyuma na kusukuma. Anapoachilia tu, chini! Mama anaumia goti, watoto wanacheka, na hiyo ndiyo siku ya kwanza na ya mwisho.

Yule anayeshika kiti ana nia njema, lakini anamnyima mwanafunzi somo lenyewe. Somo ni kusikia baiskeli ikianza kulala upande, na kuirudisha wewe mwenyewe. Akikushikia, hutasikia lolote. Siku atakayokuacha ndiyo siku utakayoanza kujifunza, na utakuwa tayari kwenye mwendo wa kasi.

Njia nzuri ni kuacha mguu mmoja chini. Mguu mmoja uko kwenye pedali, mwingine unasukuma ardhi. Mguu huo wa chini ni injini yako, ni breki yako, na ni mlinzi wako. Ukiogopa, unasimama tu. Uko tayari juu ya ardhi.

Jambo hili si geni. Mashine ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa Ujerumani na mtu aitwaye Karl Drais mwaka 1817. Ilikuwa na magurudumu mawili na usukani, lakini haikuwa na pedali hata moja. Mtu aliketi juu yake na kusukuma ardhi kwa miguu. Pedali za gurudumu la mbele zilikuja kutumika sana Ufaransa miaka ya 1860. Kwa hiyo watu wa kwanza kupanda magurudumu mawili walianza na miguu chini.

Na hata leo, kwenye nchi za theluji, kuna watu wanaoteleza mlimani juu ya ubao mmoja uliofungwa miguuni. Anayejifunza hufungua mguu wa nyuma. Mguu wa mbele unabaki umefungwa kwenye ubao, na ule ulio huru unasukuma, hivi hivi kama tunavyosema. Anajifunza kwenda, kuteleza na kusimama namna hiyo mahali tambarare kabla ya kufunga miguu yote miwili na kuteremka. Ubao na baiskeli ni vitu tofauti, lakini mwili wa mwanadamu unajifunza kwa njia moja.

Na juu ya umri, kule Marekani kulikuwa na mama mmoja, Frances Willard, kiongozi wa umoja mkubwa wa akina mama. Alijifunza baiskeli akiwa na miaka 53, na mwaka 1895 akatoa kitabu juu ya jinsi alivyojifunza. Miaka 53! Basi asiwepo mtu hapa wa kutuambia amezeeka.

Haya, tuingie kazini

Kwanza, mahali. Tafuta uwanja wa nyasi fupi, kama uwanja wa mpira siku ambayo hakuna mchezo. Ukiwa na mteremko mdogo sana ni vizuri, kwa maana baiskeli itakwenda yenyewe kidogo. Msijifunzie barabara kuu. Ile ya Migori kwenda Isebania ina malori usiku na mchana, na lori halimngoji mwanafunzi. Pia msijifunzie kwenye udongo mweusi wakati wa mvua. Unashika gurudumu kama ugali.

Pili, baiskeli. Fundi aiangalie. Taya ziwe na upepo wa kutosha, usukani ukazwe, na breki zote mbili zishike. Jaribu ukiwa umesimama, ujue mkono upi unashika gurudumu la mbele na upi la nyuma. Kiti kishushwe mpaka chini.

Tatu, nguo. Nyororo iko upande wa kulia, na inapenda sana kula leso. Vaa sketi pana fupi kidogo, au suruali ndani, na leso uifunge kiunoni isining'inie. Viatu visiwe vya kuchomoka.

Nne, kusukuma. Kama baiskeli ni ndogo na ukiketi nyayo zako zote mbili zinakanyaga chini, mwambie fundi aondoe pedali kwa siku chache. Muwe waangalifu: pedali ya kulia hufunguka kama nati ya kawaida, lakini ya kushoto hufunguka kinyume, kwa kuzungusha spana kufuata mwendo wa saa. Tumeona watu wakiikaza kwa nguvu zote wakidhani wanaifungua! Ukishaziondoa, keti, sukuma kwa miguu, teleza kidogo, sukuma tena.

Kama ni ile baiskeli kubwa nyeusi yenye bomba la juu, ambayo ndiyo wengi tunayo, acha pedali. Simama upande wa kushoto, mikono miwili kwenye usukani. Pedali ya kushoto iwe chini kabisa. Weka mguu wa kushoto juu yake, na mguu wa kulia ubaki chini ukisukuma. Sukuma, teleza. Sukuma, teleza.

Unapoteleza, hesabu kwa sauti: achiel, ariyo, adek. Siku ya kwanza labda hutafika adek. Si neno. Ukiweza kufika kumi bila kugusa chini, mara nyingi, uwanja mzima, basi umekwisha kujua baiskeli. Yanayobaki ni madogo.

Tano, macho na usukani. Usiangalie gurudumu. Angalia mbali, ule mti au ile nyumba unakokwenda. Na baiskeli ikianza kukuangusha upande wa kushoto, zungusha usukani kidogo kushoto, ule ule upande unaoanguka. Moyo utakataa. Utataka kukimbilia upande wa pili. Lakini ukigeuza upande unaoanguka, magurudumu yanarudi chini yako na unasimama wima. Hii ndiyo siri yote ya baiskeli. Haielezeki vizuri kwa mdomo, ila mwili unaipata wenyewe, mradi mguu mmoja uko karibu na ardhi na hofu imepungua.

Sita, kusimama. Jifunze kusimama kabla ya kujifunza kwenda mbio. Bana breki ya nyuma polepole, kisha ya mbele kidogo. Usibane ya mbele peke yake kwa nguvu, itakutupa. Baiskeli ikikaribia kusimama, ilaze kidogo kushoto na uweke mguu chini. Rudia mpaka usifikirie tena.

Saba, mguu wa pili. Sasa ndipo tunauinua. Baiskeli ikiwa imesimama, ilaze kidogo kwako, pitisha mguu wa kulia, na usimame bomba likiwa katikati ya miguu, mguu wa kushoto chini. Pedali ya kulia iwe juu, mbele kidogo. Ikanyage kwa nguvu, keti, na mguu wa kushoto utaikuta pedali yake. Ukishaanza, usikanyage polepole mno. Baiskeli inayokwenda inasimama wima, ila inayosinzia inaanguka.

Wengine hupata haya yote kwa siku tatu, wengine kwa wiki tatu. Nusu saa kila jioni ni bora kuliko siku nzima mara moja, kwa sababu mwili uliochoka haujifunzi.

Maneno ya watu

Mtasikia mengi. Ati mwanamke mwenye heshima hapandi baiskeli. Ati baiskeli inazuia kizazi. Hili la pili si kweli. Kiti cha baiskeli hakizuii mwanamke kuzaa. Ila mama mjamzito ambaye tumbo limekua asianze kujifunza wakati huo, kwa sababu uzito umehama na kuanguka kuna hatari. Angoje mtoto azaliwe.

Juu ya heshima, tunasema hivi. Mama anayetembea na ndoo kichwani, mtoto mgongoni na mzigo mkononi, hakuna anayesema amekosa heshima. Kwa nini akiuweka mzigo kwenye keria ndipo heshima ipotee? Wazee wa boma waitwe, waelezwe, waje waone uwanjani. Mara nyingi mume anayekataa ni yule aliyesikia habari kutoka kwa jirani, bila mke wake kumwambia. Mwambieni mapema.

Na mfanye pamoja. Watu sita wakijifunza pamoja, anayeanguka hayuko peke yake, na kicheko kinakuwa cha wote. Asiyetaka asilazimishwe. Kuna mama mzee katika kikundi kimoja aliyejifunza mpaka pale pa kusukuma na kuteleza, akakataa kuinua mguu wa pili. Sasa anapakia debe la mahindi kwenye keria na kuisukuma baiskeli mpaka posho mill, na kwenye mteremko anakanyaga pedali moja na kuteleza. Kichwa chake kimepumzika. Je, tuseme ameshindwa? Hapana.

Kuhusu mzigo

Usipakie chochote mpaka uwe umeendesha peke yako wiki kadhaa. Jerikeni ya lita ishirini ya maji ina uzito wa kilo ishirini, na maji yanachezacheza. Siku ya kwanza ya mzigo, rudi pale pale: mguu mmoja kwenye pedali, mguu mmoja chini. Anza na nusu jerikeni. Funga kwa kamba ya mpira, pande zote mbili zilingane. Kwenye mlima shuka usukume, si aibu, hata wanaume wenye nguvu wanashuka. Kwenye mteremko mkali wenye changarawe, shuka pia.

Wapendwa, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Kama kikundi chenu kina baiskeli iliyoegemezwa ukutani, itoeni wiki hii. Futeni kinyesi cha kuku, tieni upepo, muitane uwanjani jioni.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni mali gani ya kikundi chetu ambayo wanachama wenyewe hawawezi kuitumia? Nani anaitumia kwa niaba yetu, na tunamlipa kiasi gani kwa mwezi?
2. Kati yetu ni nani angependa kujifunza baiskeli? Ni nini kinachomzuia: hofu, nguo, mume, au nafasi?
3. Uwanja gani ulio karibu unafaa, na ni jioni gani tatu za wiki tunazoweza kukutana?
4. Fundi nani atatukagulia breki, na pesa zake zitatoka wapi?