Likoni kwa Hesabu: Watu, Nyumba na Mapato
Matini ya mazungumzo kwa wakaazi



Sensa ya Agosti 2019 ilikuta Likoni ina watu 250,358. Kaunti nzima ya Mombasa ilikuwa na 1,208,333. Basi katika kila wakaazi watano wa Mombasa, mmoja yuko ng'ambo ya feri. Kaunti ndogo iliyoizidi Likoni ni Kisauni pekee. Mwaka 2009 kaunti ilikuwa na watu 939,370. Ongezeko la miaka hiyo kumi, karibu watu 269,000, linawapita wakaazi wote wa Likoni.

Watu hao wanalala wapi? Wengi wamepanga vyumba. Nyumba moja ya Kiswahili yenye vyumba sita huweza kuwa na wapangaji sita, na hapo ndipo hesabu hupotea. Sensa haihesabu paa tu. Huhesabu kaya, yaani watu wanaoishi pamoja, wenye mkuu mmoja na wanaokula chungu kimoja. Vyungu sita ni kaya sita. Mwenye nyumba akiwajibia wote, naye hajui mpangaji wa chumba cha nyuma ana watoto wangapi, watoto hao hawamo.

Kuna pia nyumba bila ardhi. Mtu amejenga kwa jasho lake, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi. Huyo si mpangaji wa nyumba. Akiulizwa, aseme nyumba ni yake.

Na mapato? Karani wa sensa haulizi mshahara. Huuliza kazi, paa, maji, choo, taa na moto wa kupikia. Umaskini hupimwa kwa utafiti mwingine, unaouliza kaya chache zilizochaguliwa jinsi zinavyotumia pesa. Majibu ni siri kwa Sheria ya Takwimu ya 2006.

Hesabu hizi zina uzito. Katika mfumo wa kugawia kaunti pesa ulioanza 2020/21, idadi ya watu ilipewa asilimia 18 na umaskini asilimia 14. Mtoto asipohesabiwa, fungu la kaunti yake hupungua. Na kwa kuwa sensa huja kila miaka kumi, aliyesahaulika 2019 hungoja hadi 2029.

Kwa hivyo karani akibisha hodi, kila mkuu wa kaya ajibu mwenyewe, kwa chungu chake.