Siku Nyeupe na Nyumba za Starehe



Ndugu Waislamu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Leo twazungumza juu ya nyumba za starehe za Mwanza na za kandokando ya ziwa. Nyumba hizi haziuzi ulevi peke yake. Katika miaka ya 1980 huko Dar es Salaam, vikundi kama Muungano, na baadaye Tanzania One Theatre kilichoundwa mwaka 1992, vilionyesha katika mabaa, kwa kiingilio kimoja, ngoma, sarakasi, vichekesho na taarabu. Mtindo huo haukubaki huko.

Hatusemi kucheka ni haramu. Mtume wetu alifanya mzaha na masahaba zake, wala hakusema ila kweli. Lakini mwenye baa hakufungua ua wake kwa mapenzi ya ngoma. Kadiri onyesho linavyorefuka, ndivyo chupa zinavyoongezeka mezani. (Wala tusimtukane binti anayezileta, huenda njaa ndiyo iliyomfikisha pale.)

Mtazameni mvuvi wa dagaa. Yeye huvua usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukipevuka taa haiwavuti tena dagaa, na mitumbwi hupumzika. Hapo ndipo mvuvi wa Kirumba au wa Ukerewe anapokuwa na fedha mkononi na usiku usio na kazi, na muziki unamwita. Fedha hiyo si yake peke yake. Mkewe ameinama juani akianika dagaa. Watoto wanangoja unga na madaftari.

Nasi tunajua kwamba tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu, mbalamwezi ile ile inapokamilika, ndizo Siku Nyeupe, ambazo kuzifunga ni sunna.

Ulevi haukuharamishwa kwa mara moja: aya zilianzia Al-Baqara, zikaja za An-Nisaa, hata katazo likakamilika katika Al-Maida. Basi aliyezoea miaka mingi asikatishwe tamaa, wala asicheleweshe.

Wenye mitumbwi, wagawieni wavuvi wenu mapato mchana, baada ya sala ya adhuhuri, wapate kuyafikisha nyumbani kabla taa za baa hazijawashwa. Na watakaofunga Siku Nyeupe waalikeni wafuturu pamoja msikitini. Kwetu hapa dagaa hawakosekani.