Ua wa Watu Wote: Maelezo juu ya Mahali Petu pa Sanaa



Sisi wa kikundi cha sanaa na utamaduni tumepewa nafasi ya kueleza jinsi kiwanja kilicho nyuma ya hekalu kitakavyojengwa. Zipo ramani mbili. Ya kwanza ni ukumbi uliofungwa pande zote, wenye viyoyozi na jukwaa. Ya pili ni ua ulioezekwa paa pana, wenye vyumba vidogo pembeni na mlango unaotazama barabara. Tuseme mapema kwamba tunaitetea ya pili.

Wenye asili ya Gujarat wanalijua Hekalu la Jua la Modhera, la karne ya 11. Mbele ya chumba kitakatifu, pamejengwa mahali pa kukusanyikia, sabhamandapa: paa juu ya nguzo 52, pande zote wazi. Wajenzi wale walitofautisha mahali pa ibada, panapotaka utulivu, na mahali pa mkutano, panapotaka upepo na watu. Waswahili wa pwani nao walifika huko kwa njia yao. Baraza ya nje ya nyumba si ndani wala si njiani, na mgeni huketi hapo bila kumwomba mtu ruhusa.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi yetu ni Bharat Bhavan, kituo cha sanaa katika mji wa Bhopal, kilichofunguliwa mwaka 1982. Msanifu wake, Charles Correa, alipewa mteremko unaoshukia ziwani. Hakusimamisha jumba la fahari. Anayeingia kutoka barabarani huona sakafu pana za wazi zinazoshuka hatua kwa hatua, na vyumba vimefichwa chini yake, vikizunguka nyua. Jua likiwa kali watu hukaa uani kivulini. Jioni hupanda juu kupunga upepo. Picha, tamthilia, mashairi na muziki, kila kimoja kina mahali pake, ila mtu akitoka kimoja kwenda kingine hupita katika nyua zilezile. Kwa maoni yetu, hapo ndipo ulipo ustadi wa ramani ile: imewalazimisha watu wa fani mbalimbali kukutana.

Hata hivyo, jambo lililotugusa zaidi lilitokea kabla ya rangi ya kuta kukauka. Miongoni mwa vibarua waliobeba mizigo ya ujenzi alikuwamo mwanamke wa kabila la Bhil, Bhuri Bai, kutoka wilaya ya Jhabua. Mchoraji J. Swaminathan, aliyeongoza makumbusho ya sanaa ya kituo hicho, alimwomba achore kwenye karatasi yale ambayo watu wa kwao huyachora ukutani. Kazi za wachoraji wa vijijini ziliwekwa katika makumbusho yaleyale yenye kazi za wasanii wa mijini. Mwaka 2021 Bhuri Bai alitunukiwa nishani ya Padma Shri na Serikali ya India. Nasi tunajiuliza: mafundi watakaomwaga zege yetu, na mama lishe watakaowapikia, wataitwa ndani siku ya ufunguzi, au watalipwa na kuagwa getini?

Hatusemi kwamba ramani njema inatosha. Bharat Bhavan yenyewe ilikuja kukumbwa na mivutano ya uendeshaji. Ndiyo maana suala la ufunguo wa stoo ya ala tunalihesabu kuwa sehemu ya usanifu. Tunapendekeza funguo tatu: mmoja kwa hekalu, mmoja kwa kikundi, mmoja kwa wawakilishi wa majirani.

Kuhusu sakafu, mchezaji wa Bharatanatyam hukanyaga kwa nguvu akiwa peku, na zege tupu humuumiza magoti. Tunaomba mbao zilizoinuliwa kidogo, zenye nafasi ya hewa chini. Sindimba haitaki mbao hata kidogo, inataka ardhi, kwa hiyo sehemu ya ua ibaki udongo ulioshindiliwa. Paa litokeze nje vya kutosha kwa ajili ya mvua za masika. Bomba la maji na vyoo viwe upande wa barabara, ili jirani asilazimike kukatiza eneo la ibada. Jikoni kupikwe vyakula visivyo na nyama; majirani tuliozungumza nao wameliridhia hilo bila ubishi.

Yapo malalamiko kwamba ngoma zitavuruga sala. Ni hoja ya haki. Tumeuweka ua mbali na chumba cha ibada, vyumba vya stoo vikiwa katikati kuzuia sauti, na wakati wa arati hakuna ala itakayopigwa.

Kuhusu gharama, tukumbuke kwamba Nafasi Art Space hapa Dar es Salaam, tangu mwaka 2008, imewapa wasanii vyumba vya kazi ndani ya makontena ya mizigo. Tunaweza kuanza na paa, sakafu na choo, vyumba vikafuata kadiri michango itakavyopatikana.

Ramani zote mbili zimebandikwa kwenye ubao karibu na geti, upande wa nje, na chini yake kuna daftari. Tunawaomba muandike maoni yenu, Kiswahili au Kigujarati, kabla Baraza halijakutana kuamua.